Papasi Ndani ya Kompyuta

Nyuma ya duka moja la vocha na vinywaji, si mbali na pale magari ya abiria ya namba 116 yanapogeuzia Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mpwa wangu ana chumba chake cha kompyuta. Chumba ni neno kubwa. Ni upenu wa mabati wenye meza mbili za mbao zilizosalia kwenye kazi ya jahazi, feni isiyozimwa, na nyaya za umeme ambazo ukizitazama sana utakosa usingizi. Oktoba 2025 nilipita kumjulia hali nikamkuta ameinamia skrini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Windows imenipa talaka."

"Ngapi?"

"Tatu."

Hakukosea sana. Tarehe 14 ya mwezi ule Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mtu wa kawaida hapati tena masasisho ya usalama, ila mwaka mmoja wa nyongeza kwa atakayejiandikisha. Mrithi wake, Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, haikubali kuingia kwa njia halali kwenye mashine kama yake, kwani inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta ya mpwa wangu ni mtumba wa Dubai: boksi la ofisi, kizazi cha 6, ubavuni bado lina kibandiko cha namba ya mali ya mwenyewe wa kwanza. Ndani yake amechomeka kadi ndogo ya grafiki, GTX 1050 Ti, aliyoinunua mjini baada ya kuuza simu. Kwa gemu anazocheza inamtosha na kusaza. Haijalegea hata skrubu moja. Imeambiwa tu kwamba imezeeka.

Mkononi alikuwa na flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure.

Nilicheka, naye akanuna akidhani namcheka yeye. Flashi ile niliwahi kuishika mimi, miaka karibu 20 nyuma, ikiwa na umbo la CD, na ikanishinda.

Wanaosimulia historia ya Linux huko Ulaya na Marekani huisimulia kama hadithi ya uhuru na pesa: watu waliochoka kumlipa tajiri mmoja wakajiundia chombo chao. Kwetu Unguja hadithi hiyo haishiki, maana tajiri huyo hatukuwa tukimlipa. Aliyekulia mjini miaka ya 2000 anajua maana ya kupiga Windows. Unabeba boksi lako mpaka kwa fundi, Darajani au Mlandege, fundi anatoa CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, anakupigia XP, anakuwekea Office, anakuwekea na antivirusi ambayo muda wake umekwisha, na kama mmezoeana anakutilia gemu mbili tatu. Unalipia kazi ya mikono yake, basi. Neno leseni nilikuwa nalisikia kwa madereva tu.

Nakumbuka nikirudi shamba na mashine yangu ya kwanza nimeipakata ndani ya gari la mbao. Mahonda, Kinyasini, Kivunge, kila tuta naibana kwa magoti, na mama mmoja pembeni yangu mwenye tenga la samaki akaniuliza kama nimenunua televisheni isiyo na kioo. Ndani ya boksi lile mlikuwa na XP ya kuchonga na gemu ya mpira. Sikuhitaji kingine duniani.

Basi mtu alipokuja na habari za mfumo endeshi wa bure, tulimtazama kama anayeuza maji ya bahari ufukweni.

Habari yenyewe ilikuwa na umri tayari. Mwaka 1983, Marekani, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao mtu yeyote ataruhusiwa kuusoma ndani, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Mwaka 1989 ukapata leseni yake, GPL, yenye sharti moja zito: uliyefunguliwa mlango usimfungie anayekuja nyuma yako. Kiini cha mfumo kilikawia. Kilikuja kutoka kwingine kabisa, kwa mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Agosti 1991 Linus Torvalds aliwaarifu wenzake kwamba anaunda mfumo mdogo wa kujifurahisha, usio na makuu. Kiini hicho kikaitwa Linux, na kwa makundi ya watu wasiojuana kikavaa nguo nyingi: Debian, Red Hat, na nyingine ambazo kuzihesabu ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Michezo iliingia humo mapema kuliko watu wanavyodhani. Doom, gemu ya risasi ya id Software iliyoteka dunia kuanzia Desemba 1993, ilihamishiwa Linux mwaka 1994 na mtu wa ndani ya kampuni ile ile, Dave Taylor. Desemba 1997 id ilipoamua kuwaachia watu msimbo wa Doom wausome, waliouachia ni wa toleo la Linux. Mwaka 1998 Marekani ikaanzishwa kampuni nzima, Loki Software, kazi yake kuchukua gemu za Windows na kuziandika upya zikubali Linux. Ya kwanza ilikuwa Civilization: Call to Power, mwaka 1999. Ilionekana kama biashara. Lakini gemu za Loki zilifika dukani wenye Windows wameshazimaliza, zikauzwa bei kamili kwa watu wachache ambao wengi wao walikuwa na Windows kwenye diski hiyo hiyo. Januari 2002 Loki ikafunga milango. Kilichosalia ni mbao za jengo lao. SDL, maktaba ya msimbo ambayo Sam Lantinga aliianza mwaka 1998 na kuiendeleza akiwa Loki, inabeba gemu nyingi mpaka leo.

Kilichowaua Loki, chini ya yote hayo, ni lugha. Gemu haizungumzi na kadi ya grafiki moja kwa moja. Inaomba kupitia mfumo endeshi. Chora pembetatu hii, ipake rangi hii, piga mlio huu. Mwaka 1995 Microsoft ilileta DirectX, lugha ya maombi hayo, na waandishi wa gemu wakaizoea kama mtu anavyozoea lahaja ya kwao. Gemu iliyoandikwa kwa DirectX ukiipeleka Linux ni kama mgeni aliyeshuka bandarini akazungumza lugha ambayo hakuna mpagazi anayeijua. Anaachwa na masanduku yake.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu kuna sehemu ya historia hii iliyoandikwa kwetu, na haitajwi inavyostahili.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na washauri wa Uswidi wa IT+46, walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Jina linajieleza: Kiswahili na Linux. Walichukua programu huria, ambazo kwa kuwa msimbo wake uko wazi hakuna wa kumwomba ruhusa, wakaanza kuzitafsiri. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yaani ofisi nzima, barua, majedwali na maonyesho, menyu zote kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatafsiri Office yake. Mimi sidhani ilikuwa sadfa tu.

Ugumu wa kazi ile mtu hauoni mpaka ajaribu mwenyewe. Mamia kwa mamia ya maneno yanayotokea kwenye menyu lazima yapate wenzao, na yawe mafupi yaenee kwenye kitufe. Kompyuta au tarakilishi? Kipanya au puku? Dar es Salaam wakati ule kipanya kilikuwa daladala ndogo, kwa hiyo ukimwambia mtu ashike kipanya aburute kulia, ana haki ya kukuuliza kama umelala salama. Sisi wa Unguja tulikuwa na raha yetu ya kichinichini, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa 1928. Tuliona kompyuta imechelewa tu kujifunza lugha ya mjini kwetu. (Nungwi kwenyewe wazee wana Kitumbatu chao na hawakuwahi kuulizwa na mtu.)

Kilinux ilikuwa kazi ya heshima. Kasoro yake, kwa mtazamo wangu wa kijana wa wakati ule, ni kwamba ilimletea mtu barua na hesabu. Ilikuwa mfumo wa kumfurahisha mwalimu mkuu. Kijana hajifunzi kompyuta kwa kuandika barua ya kuomba kazi. Anajifunza kwa gemu, na barua inakuja baadaye, wakati njaa imeshamkamata. Mwaka uliofuata, 2005, ilitoka Civilization IV, ambayo ukiifungua tu inakupokea na wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Christopher Tin. Wimbo huo mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Tazama hali ilivyokuwa: Linux ilijua Kiswahili na haina gemu, gemu ilikuwa inaimba Kiswahili na haina toleo la Linux.

CD yangu ilikuja kwa posta. Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake ya usalama wa intaneti mwaka 1999 na kwenda angani Aprili 2002, alianzisha Ubuntu, toleo lake la kwanza likatoka Oktoba 2004. Neno lenyewe ni ndugu wa damu wa utu. Kwa kuwa alijua kwamba kwetu kupakua kitu cha megabaiti 700 ni kulala kwenye intaneti kafe mpaka usahaulike nyumbani, kampuni yake ilikuwa inatuma CD bure mahali popote duniani. Utaratibu huo ulidumu mpaka Aprili 2011. Mimi niliandikisha sanduku la posta la skuli niliyokuwa nafundisha. Wiki zikapita. Siku moja karani akaniita: kuna bahasha yako kutoka Ulaya, umeoa?

Bahasha ilikuwa na CD tano. Sikuwahi kuona kitu cha bure kilichopendeza vile, karatasi nzuri, picha ya watu wameshikana mikono. Niliichomeka moja na kompyuta ikawaka bila kugusa Windows, maana ile CD ilikuwa inakuonjesha kwanza kabla ya kusakinisha. Rangi ya kahawia, ngoma ikalia. Nikaisakinisha usiku ule. Asubuhi nilikuwa na mfumo usioshika virusi vya flashi, vile vilivyokuwa vikigeuza mafaili ya wanafunzi kuwa njia za mkato kila Jumatatu. Nilikuwa pia na modemu isiyotambulika, na michezo yenyewe ilikuwa karata, mabomu ya kufukua na vigae vya Kichina. Mdogo wangu akasimama nyuma yangu, akatazama, akauliza mpira uko wapi. Kufikia Ijumaa nilikuwa kwa fundi Darajani, napigiwa XP. CD nne zilizobaki tulizitundika shambani kufukuzia ndege.

Na umeme ulikuwa na lake la kusema. Kisiwa kilikuwa kinategemea kebo moja ya chini ya bahari kutoka bara, iliyozamishwa mwaka 1980 kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima karibu mwezi. Desemba 2009 kebo ikaharibika tena, na safari hii giza lilikwenda mpaka Machi 2010. Hoteli zilikuwa na majenereta. Sisi tulikuwa na vibatari. Umeme ulipokuwa ukirudi, ulirudi kwa kishindo, na vifaa vya watu viliungua siku ile ile ya furaha. Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Nalitaja hili kwa sababu wenzetu wakihesabu miaka ya kompyuta wanahesabu matoleo ya Windows. Sisi tunahesabu pia kebo.

Mwezi ule wa kiza wa 2008 ndio uliozaa kitu ambacho Unguja hakuna aliyekisikia. Tarehe 17 Juni 2008 lilitoka toleo la 1.0 la programu iitwayo Wine, baada ya miaka 15 ya kuiandika. Na hapa lazima nimlete papasi.

Nungwi kila mtu anamjua papasi. Ndiye yule kijana wa ufukweni anayemgojea mgeni mchangani, akamganda mpaka mgeni akubali kupelekwa mahali. Jina ni la kile kijidudu cha nyumba kongwe, na wenyewe hawalipendi. Lakini tuwe waadilifu: papasi wa Nungwi anazungumza Kitaliano ambacho hakukisomea darasa lolote. Mtaliano anataka kwenda Mnemba kuona samaki. Nahodha hajui Kitaliano, anajua bahari. Papasi anakaa katikati. Mtaliano anasema, papasi anaigeuza papo hapo, nahodha anajibu, papasi anarudisha, bei inapanda kidogo njiani, na jioni mgeni anarudi hotelini akiamini kwamba alikuwa anazungumza na nahodha.

Wine ni papasi huyo. Ilianza mwaka 1993 kwa Bob Amstadt, na tangu 1994 msimamizi wake ni Alexandre Julliard. Haijifanyi kompyuta ya Windows ndani ya kompyuta nyingine, jambo ambalo lingekula nguvu zote za mashine. Inasimama katikati tu. Gemu inasema kwa lugha ya Windows, nifungulie faili hili, Wine inaligeuza ombi hilo kuwa la Linux, Linux inatimiza, gemu inaendelea na safari ikiamini iko kwa Microsoft. Tatizo la Wine lilikuwa kwenye picha. Maneno ya kila siku iliyajua, lakini ilipofika kwenye DirectX za kisasa ilikuwa inagugumia, na gemu inayogugumia haichezeki.

Aliyelipia masomo ya papasi huyu hakuwa mpenda uhuru. Alikuwa mfanyabiashara aliyeogopa. Gabe Newell alifanya kazi Microsoft kabla ya kuanzisha Valve, na Valve ndiyo yenye Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta. Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja na duka lake ndani. Mwenye jengo akifungua duka mlangoni, mpangaji mwenye duka ghorofani ana haki ya kuanza kutafuta kiwanja. Newell aliisema hadharani Windows 8 kwa maneno makali, na Februari 2013 Steam ikatoka rasmi kwa Linux. Sam Lantinga wa ile Loki iliyokufa alikuwa ameshaajiriwa Valve. Ubao wa jahazi lililovunjika ukapata jahazi jingine.

Pigo la kwanza lilikwenda upogo. Novemba 2015 Valve ilipeleka sokoni Steam Machines, kompyuta za sebuleni zilizotengenezwa na makampuni mbalimbali na kuendeshwa na mfumo wao wa SteamOS. Gemu zilikuwa chache na wanunuzi wakawa wachache kuliko gemu. Kosa lilikuwa ndugu wa lile la Loki: kila gemu ilingoja mtu aiandike upya kwa ajili ya Linux.

Aliyefungua njia alikuwa mtu mmoja Ujerumani aliyetaka kucheza. Philip Rebohle alitaka kuiendesha NieR: Automata, gemu ya 2017, kwenye Linux, na haikuwezekana. Mwaka uliotangulia, Februari 2016, ilikuwa imetoka Vulkan, lugha mpya ya kuzungumza na kadi za grafiki, iliyo wazi kwa mifumo yote. Rebohle akaandika DXVK, mkalimani wa picha tu: inapokea ombi la Direct3D 11, sehemu ya picha ya DirectX, na kulitoa kwa Vulkan, haraka kiasi cha mchezaji kutoona pengo. Valve ikamwajiri. Wakachukua Wine, wakaipachika DXVK, wakashirikiana na CodeWeavers, kampuni anayofanyia kazi Julliard, na tarehe 21 Agosti 2018 wakatoa Proton ndani ya Steam. Siku ya kwanza ilithibitishiwa gemu 27. Uzuri wake ni kwamba mwandishi wa gemu hakutakiwa kufanya lolote, na mchezaji naye hakutakiwa kujua lolote. Papasi alikuwa ameshafika kabla mgeni hajashuka.

Februari 2022 Valve ikatoa Steam Deck, kompyuta ya kushika mikononi inayoendeshwa na SteamOS mpya iliyojengwa juu ya Arch Linux. Rasmi haiuzwi kwetu. Ukiiona Unguja imekuja kwenye begi la mtu. Hata hivyo tumeila faida yake, kwa sababu kila tundu lililozibwa kwa ajili ya Deck limezibwa kwenye Linux ya mtu yeyote, na wa Nungwi yumo.

Turudi upenuni.

Mpwa wangu alizima mashine, akachomeka flashi, akawasha huku anabonyeza F12 kama anayegonga mlango wa mdaiwa. Mint ikaja. Aliionja kidogo, sauti, mtandao, skrini, kisha akabonyeza kusakinisha kwenye diski mpya aliyoinunua. Nilikuwa sijamaliza kikombe changu cha kahawa mashine ikaomba iwashwe upya. Akafungua kidirisha cha draiva, akachagua ya Nvidia, ambayo kwa kejeli ya mambo ni kitu kilichofungwa ndani ya mfumo ulio wazi; msimbo wake huruhusiwi kuusoma kama vile wa XP ya Darajani. Hakujali. Mimi nilijali kidogo nikanyamaza.

Steam ikaingia. Akaandika jina na neno la siri, na gemu zake zikajipanga. Amezinunua kwa haki, kidogo kidogo, wakati wa punguzo la bei, kwa kadi ya mtandaoni anayoitengeneza kwenye pesa za simu. Kwenye jambo hili kizazi chake kimenipita. Gemu ya mtandaoni haichongeki kirahisi kama CD ya fundi, na kwa hiyo leo kijana wa Nungwi ana risiti, nami sikuwahi kuwa nayo.

Shida ikabaki ya kale, mzigo. Gemu ya GTA V peke yake inapita gigabaiti 100, na bando la kupakua hilo ni posho ya mwezi. Lakini rafiki yake alikuwa nayo kwenye kompyuta ya meza ya pili. Tangu Februari 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana gemu bila kurudi intaneti. Wakazivutia waya, namba zikaanza kukimbia. Tukaenda kuswali Alasiri, tukarudi, bado. Nje wazee walikuwa wamekaa barazani na bao, mmoja anatia kete kwa haraka ya kuiba macho, na vijana wawili wamesimama nyuma wakimhesabia kwa midomo.

Ilipokwisha, akabonyeza kucheza. Kikatokea kidirisha cha asilimia. Steam ilikuwa inaandaa michoro ya Vulkan, 12, 40, 71. Chumba kikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao mimi, mtu wa mwaka 2006, niliujua vizuri, na nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Kisha jua la Los Santos, mji wa gemu ile, likachomoza na gari likapita.

"Haijui kama iko Linux," akasema, anamaanisha gemu.

Akaingia kwenye hadithi, ikaenda bila kukwama. Akajaribu kuingia kucheza na wenzake mtandaoni, ikamkatalia. Septemba 2024 Rockstar, wenye gemu hiyo, waliongeza BattlEye kwenye upande wa mtandaoni, mlinzi wa kuzuia udanganyifu, na tangu hapo wenye Linux hawapiti. BattlEye yenyewe tangu 2021 ina njia ya kufanya kazi na Proton. Mwenye gemu ndiye anayeamua kuifungua au kuiacha imefungwa. Gemu za Valorant na Fortnite nazo milango yao imefungwa vivyo hivyo. Na ule mchezo ambao Unguja ndio mchezo, mpira wa kampuni ya EA, tangu FIFA 23 ya mwaka 2022 na FC zilizofuata, una mlinzi wake wa EA mwenyewe, anayetaka kukaa chini kabisa kwenye kiini cha Windows. Papasi hapo hana la kutafsiri. Mlinzi anaomba kumwona nahodha ana kwa ana, na akimwona si Mmicrosoft, anafunga lango.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2025, hesabu ambayo Steam huchukua kila mwezi kwa wateja wake iliionyesha Linux imevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Kwa aliyeitundika CD shambani ni namba kubwa. Kwa kijana anayetaka mpira ni namba tu.

"Kwa hiyo mpira uko wapi?" nikamuuliza, na sauti yangu nikaisikia kama ya mdogo wangu.

Akavuta droo. Mlikuwa na diski ya zamani, ile iliyotoka kwenye mashine asubuhi, Windows 10 yake yote ndani na gemu ya mpira. Ameizungushia utepe wa gundi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: MPIRA TU. Waya wa intaneti hauguswi ikiwa imechomekwa, akaniambia, kwa sababu masasisho hakuna na virusi vipo. Siku hizi huichomeka Ijumaa jioni, wenzake wakija, wakacheza wawili wawili kwa kupokezana pedi mpaka adhana ya Magharibi. Kisha anaichomoa, anairudisha droo, na kuifunga kwa ufunguo.